Ekari Saba

Titus alikuwa seli tangu Jumamosi, na kufikia Jumatatu saa mbili na nusu asubuhi hakuwa ametamka neno hata moja la kumfaa. Inspekta Maximilla Osundwa alikwisha kuona washukiwa wa kila namna hapo Kakamega: wanaolia, wanaotukana, wanaotaja mjomba aliye serikalini. Huyu alikuwa wa namna iliyomchosha kuliko wote. Alijibu maswali kama mtu anayefukuza nzi.

"Alhamisi saa nne na dakika kumi na nne ulikuwa wapi?"

"Kwa meza yangu."

"Kompyuta imewashwa?"

"Inawashwanga kutoka asubuhi."

"Basi ni wewe uliyeuliza jina la huyu mama."

"Si mimi."

Maximilla alimsukumia karatasi mezani. "Jina lililo hapa ni lako. Hata kukuonyesha kwa kidole sihitaji."

Titus hakuitazama. Alikuwa karani wa Miwatele, kampuni ya sukari iliyowapa wakulima wake programu ya simu iitwayo Mlinzi wa Miwa. Mkulima akiona trekta linabeba miwa ya wizi, aliandika ripoti kwa simu na ripoti ikapewa namba. Mtu yeyote aliweza kufungua ukurasa akaona kata na tarehe, lakini jina la aliyeripoti halikuonekana. Hivyo ndivyo wakulima walivyoahidiwa, kanisani na msikitini.

Ripoti namba 311 ilitoka Musanda. Ilitaja trekta la buluu lililokuwa likibeba miwa ya watu saa saba mchana kweupe, pamoja na namba yake ya usajili. Ijumaa jioni wanaume watatu waliingia uani kwa Umi, mwenye simu iliyotuma ripoti hiyo, wakamvunja mkono na mbavu mbili. Kumbukumbu za kompyuta kuu zilionyesha kwamba jina la ripoti 311 lilikuwa limeulizwa mara moja tu, kwa ufunguo wa siri wa Titus, na jibu likatoka lote kwa mkupuo: Musanda, tarehe, ekari 7, namba ya trekta, Umi, na namba yake ya simu.

Kuuliza majina ilikuwa kazi ya Titus. Angekubali kwamba aliuliza kwa ajili ya kazi, pengine angeeleweka. Kukana kwake ndiko kulikomtia ndani.

"Ripoti nyingine zote umeuliza," Maximilla akasema. "Hii moja unakana. Kwa nini?"

"Kwa sababu hii sikuuliza."

"Ulimjua aliyeiandika?"

Titus aliutazama ukuta. Ilikuwa mara ya kwanza kuchelewa kujibu. "Sijui mtu," akasema. "Andika vile unataka, madam."

Nje ya mlango, mkubwa wa Maximilla, Mukhwana, alikuwa akimsubiri huku mikono ameikunja. Mukhwana alipenda kesi ziishe kabla ya chakula cha mchana.

"Saa nane anasimama mbele ya hakimu," akasema. "Kampuni wamenipigia simu mara tatu."

"Siku hizi kampuni ndiyo inapeleleza?"

"Usinijibu hivyo, Osundwa. Una ufunguo wake, una saa, una mama amelala hospitali. Unataka nini zaidi?"

"Sababu."

"Sababu atampa hakimu. Saa nane."

*

Umi alilazwa kitanda cha mwisho katika wodi ya wanawake, mkono ukiwa ndani ya plasta hadi kwenye kiwiko. Kando yake aliketi mke mwenza wake, Laila, msichana wa miaka ishirini na miwili hivi, ameshika kikombe cha uji na kijiko.

"Salaam aleikum," Maximilla akasema.

"Waaleikum salaam," Umi akajibu, kwa sauti ya mtu anayelipa ushuru.

Maximilla alivuta kiti bila kukaribishwa. "Mama Ismael, ni wewe uliyeandika ripoti ya trekta?"

"Ni mimi. Nimesema Jumamosi, nimesema jana. Leo mnataka niimbe?"

"Trekta lilikuwa la rangi gani?"

"Nyekundu."

"Lilikuja saa ngapi?"

"Asubuhi. Jua lilikuwa halijapanda."

Kijiko cha Laila kilisimama ndani ya kikombe. Maximilla alikiona, akakiacha. Alifungua karatasi yake ya kumbukumbu.

"Shamba lenu ni ekari ngapi?"

"Mbili na nusu. Kampuni walikuja na kamba wakapima, wakaandika kwa kitabu yao. Musanda nzima inajua."

"Mbona kwenye programu pameandikwa saba?"

Umi alitaka kucheka, mbavu zikamkataza. "Hiyo ni Abdulnasir, mzee wetu. Simu ilisema ajaze mwenyewe. Huyo mwanaume ukimuuliza ng'ombe ziko ngapi, anahesabu mpaka za jirani."

Maximilla alikunja karatasi. Hakuwa na hamu ya kuzungukazunguka, na mgonjwa mwenyewe hakuonekana mtu wa kubembelezwa.

"Hukuiandika wewe."

Umi alimkazia macho. Hakumtazama Laila hata kidogo, na kule kutomtazama kulisema yote.

"Sikiza, Inspekta. Andika ni mimi. Mimi wamenipiga tayari, na mtu aliyepigwa hawamrudii. Ukiandika mwingine, wataenda kwa mwingine. Umeelewa ama nikuchoree?"

"Nimeelewa."

"Basi toka. Unanichokesha."

Maximilla alikuwa amefika kwenye ngazi aliposikia kandambili zikimfuata. Laila alisimama mbali naye hatua tatu, kikombe bado mkononi, na aliongea kama mtu anayedai kitu chake.

"Simu yangu haikuwa na chaji. Mama Ismael alinipea yake. Mimi ndiye niliona trekta, mimi ndiye niliandika."

"Nani mwingine anajua?"

"Titus. Jumatano nilienda ofisini mwenyewe, nikamwambia hiyo simu si yangu lakini maneno ni yangu. Akaniuliza kama nimeambia mtu. Nikasema hapana. Akasema, basi hata mimi hujaniambia, na usirudi hapa."

"Aliandika mahali?"

"Hata kalamu hakushika." Laila alikaribia hatua moja. "Afande, wewe ukiandika jina langu, damu yangu iko kwako. Yangu na ya huyu." Akaweka mkono juu ya tumbo lililoanza kuonekana, akageuka akarudi wodini.

Maximilla alibaki ameshika chuma cha ngazi. Hesabu ilikuwa fupi. Titus alijua mwandishi ni Laila. Angekuwa ameuza jina, wale wanaume watatu wangemtafuta Laila. Walimwendea Umi kwa sababu aliyewatuma hakuwa na kitu ila kile kilichokuwa kwenye kompyuta. Jambo hilo moja lilitosha kumfungulia Titus mlango, na ndilo jambo ambalo halikuweza kuandikwa. Faili la mahakama lina macho mengi: ya karani, ya wakili, ya kampuni yenyewe.

Titus alilijua hilo. Mtu aliyemdhania mkaidi alikuwa amelala siku mbili kwenye saruji akimlinda mwanamke asiye jamaa yake. Maximilla aliona aibu, kisha akakasirika, maana hasira ingemfikisha mbali zaidi. Zilikuwa zimebaki saa nne na nusu.

*

Mitchel, aliyeitengeneza programu, alifanyia kazi kwenye chumba cha juu mtaani Shieywe, kompyuta mbili mezani na chapati iliyopoa kando yake. Alifungua mlango nusu, akasimama penye ile nusu nyingine.

"Madam, logs, zile kumbukumbu, nilishapeana Jumamosi. Mnataka nini ingine?"

"Kukaa chini."

Aliingia. Konstebo Nafula, aliyeandamana na Maximilla, alisimama mlangoni. Maximilla alitandaza karatasi juu ya meza, pembeni mwa chapati.

"Nieleze jinsi simu ya mkulima inavyopata habari kutoka kwenye kompyuta yenu. Nieleze kama unavyomweleza shangazi yako."

"Shangazi yangu ni injinia."

"Basi kama unavyomweleza polisi aliyekasirika."

Mitchel alivuta pumzi. "Kuna njia mbili. Ya kwanza, kila ukurasa uko na sahani yake imepangwa. Ukifungua ramani, unaletewa sahani yote, jina, simu, ekari, kila kitu, hata kama ramani inataka kata na tarehe pekee. Huko Musanda mtandao ni wa kubahatisha, na bundles za intaneti ni za mwenyewe. Sahani kubwa inakwama njiani. Kwa hiyo nilichagua njia ya pili. Nilifungua dirisha moja. Mwenye kuuliza anaandika maneno ya kile anataka, analetewa hicho tu."

"Ramani ikiuliza maneno mawili, inapewa mawili."

"Exactly. Inafika haraka. Ni kitu safi, madam. Kila mtu anafanya hivyo saa hii."

"Na mtu akiuliza jina na simu?"

"Lazima awe na ufunguo. Wa kampuni uko mmoja, wa Titus."

"Dirishani kuna anayetazama nani anauliza nini, na kama inamhusu?"

Mitchel alishika kipande cha chapati, akakirudisha. "Hiyo ilikuwa ya awamu ya pili."

"Na awamu ya pili?"

"Kampuni walisema ramani kwanza. Sasa mnataka kuniwekelea mimi?"

Maximilla alikuwa akisoma tena lile swali la Alhamisi, safari hii si jibu lake bali swali lenyewe. Yalikuwa maneno sita yaliyofuatana: kata, tarehe, ekari, trekta, jina, simu. Jumamosi aliyapita haraka kwa kuwa macho yalikimbilia jina. Sasa yaligota kwenye neno la tatu.

"Mitchel. Mtu anayemtafuta mtu ili amvunje mkono, ekari anataka za nini?"

"Sijui. Muulize Titus."

"Nionyeshe Titus huulizaje. Siku nyingine zote."

Mitchel alibofya, kwanza kwa madharau, kisha polepole. Mistari ilipanda kwenye kioo, mmoja baada ya mwingine, miezi minane ya kazi ya karani. Jina, simu. Jina, simu. Ripoti ya kwanza hadi ya 310, kisha 312 na kuendelea.

"Maneno mawili," Maximilla akasema. "Kila mara mawili. Hapotezi hata herufi. Ile ya Alhamisi ina sita. Wewe ungeuliza ekari?"

"Mimi? Hakuna hata page inaonyesha ekari. Niliiweka tu..."

"Uliiweka wapi?"

Barabarani chini mwendesha boda alipiga honi. Mitchel aliitazama droo ya meza, na Maximilla akaitazama droo hiyohiyo.

"Ifungue, ama Nafula aifungue."

Ndani kulikuwa na karatasi moja ya mafunzo ya wafanyakazi wa kampuni, safi, yenye nembo ya Miwatele. Katikati palichapwa mfano wa swali, juu ya ripoti namba moja ya majaribio, kwa maneno sita: kata, tarehe, ekari, trekta, jina, simu. Juu ya mfano ulichapwa ufunguo wa siri wa Titus, wote, kuanzia herufi ya kwanza hadi ya mwisho.

"Ilikuwa demo," Mitchel akasema. Sauti ilikuwa imeshuka. "Nilitaka waone unaweza kuuliza chochote, hata ekari. Nilitumia ufunguo wa Titus kwa sababu ndio ulikuwa unafanya kazi. Nilisahau kuubadilisha."

"Umegundua lini?"

"Jumamosi. Mlipokuja."

"Leo Jumatatu. Kijana amelala seli siku mbili, na wewe unakula chapati juu ya karatasi hii."

"Ningesema, wangenishtaki mimi."

"Sasa utasema kwa maandishi, na nitafurahi nikikukuta hapa nikirudi." Maximilla alikunja karatasi. "Aliyeuliza Alhamisi hakujua kazi ya kila neno. Alinakili mfano mzima, akabadilisha namba ya ripoti tu. Hakujua cha kuacha. Karatasi kama hii zilitoka ngapi?"

"Tatu. Titus, Bwana Wekesa meneja, na Phanuel wa matrekta."

Ya Titus ilikuwa kwenye sanduku la ushahidi, iliyotolewa kwenye droo yake Jumamosi bila mtu kuisoma. Wekesa alikuwa Nairobi wiki nzima iliyopita, na swali lilitoka kwenye intaneti ya ofisi za kampuni. Maximilla hakuhitaji kompyuta kwa hesabu hiyo. Kikulacho ki nguoni mwako, na matrekta yote ya Miwatele yalitumwa na mtu mmoja.

Alipofika mlangoni aligeuka. "Lifunge hilo dirisha."

"Ramani itaanguka. Wakulima wote..."

"Ianguke. Hakuna jina litakalotoka humo tena kabla hujaweka mtu wa kutazama. Fanya sasa, nikiona."

Mitchel aliandika, midomo ikiwa imekazwa. Kwenye kioo cha pili ramani ya kata zote iligeuka nyeupe.

*

Yadi ya matrekta ilikuwa upande wa Lurambi, imezungushiwa mabati. Saa sita na nusu madereva walikuwa wakila obusuma, ugali wao, na mboga chini ya kivuli cha trela. Walipoona gari la polisi waliacha kutafuna, kisha wakaanza kusogea, mmoja mmoja, hadi wakawa nusu duara nyuma ya meza ya mkubwa wao.

Phanuel hakuinuka. Alikuwa mtu mnene wa tabasamu la bei nafuu, na mbele yake lilikuwapo daftari kubwa la safari za kukata miwa.

"Afande. Hapa ni mahali ya kazi. Kama una haraka, hata sisi tuko na haraka."

"Sitachukua muda. Ulihudhuria mafunzo ya programu ya simu?"

"Nilikaa nyuma. Nililala."

"Ulipewa karatasi?"

"Labda. Mimi karatasi nafungiangia mahindi choma." Madereva wakacheka, si kwa furaha.

"Kompyuta ya ofisi hii unaitumia?"

"Hata kuwasha sijui. Mambo ya simu na kompyuta ni ya Titus, na nasikia mko naye. Sasa mnatafuta nani?"

Maximilla alivuta kiti kilichokuwa tupu, akaketi, akajifuta jasho kama mtu aliyechoka kweli. Hakuwa na haja ya kuigiza sana.

"Mimi nimetoka hospitali tu," akasema. "Nimemwona huyo mama. Mtu maskini kama yule, mkulima wa miwa ya mikokoteni miwili, anavunjwa mkono kwa miwa. Inauma."

"Maskini?" Phanuel alitema kando. "Hiyo ndiyo shida yenu, mnadanganywa na leso. Mtu wa ekari saba ni maskini? Ekari saba, na anasumbua vijana wa watu kwa sababu ya trela moja. Mimi hata moja sina."

"Hata mimi," Maximilla akasema. "Ekari saba ni shamba." Aliweka kidole juu ya daftari. "Naona unaandika kila shamba kabla ya kutuma trekta. Nifungulie Musanda, kwa Abdulnasir."

Phanuel alisita, lakini madereva walikuwa wakimtazama, na daftari ni kitu alichojivunia. Alifungua. Maximilla aligeuza daftari limwelekee, akasoma kwa sauti ili hata wa nyuma wasikie.

"Abdulnasir, Musanda. Ekari mbili na nusu. Huu ni mwandiko wa nani?"

Dereva mmoja alitazama viatu vyake.

"Ni wako. Kampuni ilipima mbili na nusu, wewe ukaandika mbili na nusu, na Musanda nzima inajua mbili na nusu. Saba umeitoa wapi?"

"Watu wanasema."

"Watu gani? Saba ni majivuno ya mzee mmoja aliyeachiwa simu ajaze mwenyewe. Imeandikwa mahali pamoja tu, ndani ya kompyuta ya programu, na hakuna ukurasa unaoionyesha. Imeulizwa mara moja tu, Alhamisi saa nne na dakika kumi na nne. Mwizi mwenye akili angeuliza jina akaondoka. Wewe ulibeba hata usichokihitaji, kwa sababu hukujua karatasi inasema nini."

Tabasamu la Phanuel liliondoka, na kilichobaki kilikuwa chuki tupu. Aliinuka, meza ikasogea.

"Wewe mwanamke, unaniletea hesabu ya ekari? Huyo mama mwenyewe hakukana. Aliulizwa mara mbili kama ni yeye, na mara mbili akasema ni yeye."

Njia ya mwongo ni fupi, lakini Maximilla hakudhani ingekuwa fupi kiasi hicho.

"Aliulizwa na nani, Phanuel?"

Hapo alielewa alichokisema. Aliwageukia madereva, na wale waliokuwa nusu duara nyuma yake walikuwa tayari wanarudi kwenye sahani zao, mmoja mmoja, kama walivyokuja. Nafula alimtia pingu. Kwenye droo ya meza, chini ya rundo la risiti za dizeli, waliikuta karatasi ya mafunzo. Namba moja ya ripoti ya majaribio ilikuwa imekatwa kwa kalamu ya wino mwekundu, na juu yake pameandikwa 311.

Njiani kuelekea kituoni Phanuel alisema neno moja tu zaidi. "Huyo mama ana roho ngumu. Ni kama alikuwa anatungojea."

Maximilla alitazama barabara. Alikuwa na jibu, na alilimeza.

*

Saa saba na dakika arobaini aliweka vitu vitatu mbele ya Mukhwana: mistari ya maneno mawili ya Titus, karatasi yenye wino mwekundu, na daftari la Phanuel lililofunguliwa kwenye Musanda. Mukhwana alivisoma mara mbili. Hakupenda, lakini hakuwa mjinga.

"Kwa hiyo wa saa nane si Titus."

"Si Titus. Wengine wawili waliokuwa na Phanuel, Nafula amewafuata."

"Haya." Alivuta fomu, akaanza kujaza mwenyewe, kwa kuwa kesi iliyogeuka kuwa nzuri alipenda iwe na mwandiko wake. Kalamu ilisimama. "Hapa pana jambo. Kwa nini Titus hakuuliza jina la hii ripoti? Kila ripoti ameuliza. Hii akairuka. Kwa nini?"

"Hakulihitaji."

"Kwa nini hakulihitaji?"

"Shtaka linauliza nani alilitafuta jina na nani alivunja mkono. Vyote viwili nimekuletea."

"Sikuuliza shtaka linauliza nini. Mimi ndiye nakuuliza. Na mama mwenyewe, maelezo yake yanasema trekta nyekundu, ripoti inasema buluu. Kuna kitu unakijua, Osundwa."

"Najua vitu vingi."

"Wakili wa Phanuel ataona pengo hili."

"Akiliona, alizibe yeye. Ushahidi hapo unatosha bila hilo. Umepewa unachohitaji, mkubwa."

"Mimi si simu ya mkulima, unipimie."

"Hapana," Maximilla akasema. "Lakini faili ndilo la kupimiwa."

Mukhwana alimkodolea macho, na kwa muda ilionekana kama atapiga meza. Kisha alipiga mstari kwenye nafasi iliyokuwa tupu, kwa nguvu hadi karatasi ikatoboka. "Ikitugeukia mahakamani," akasema, "utasimama peke yako. Na uhamisho wako nitauandika mimi." Maximilla alijua hakuwa akitania.

Titus aliletwa mezani akiwa ameshika suruali kwa mkono mmoja. Alipewa mshipi, viatu, na bahasha ya vitu vyake, na kitabu cha kutia sahihi. Hakuuliza kwa nini anaachiliwa. Maximilla alikaa upande wa pili wa meza, mbele ya Mukhwana na askari wa zamu, kalamu juu ya mstari wa mwisho wa maelezo.

"Swali la mwisho, nifunge faili," akasema. "Jumatano iliyopita, kuna mtu yeyote alikuja kukuona ofisini?"

Titus alikuwa akivuta kamba ya kiatu. Aliiacha. Alimtazama usoni, kwa macho ya mtu aliyelala siku mbili kwenye saruji na aliye tayari kulala ya tatu.

"Jumatano sikupata mgeni, madam."

"Hivyo ndivyo nilivyoandika," Maximilla akasema, akamsogezea kitabu atie sahihi.